Bomba la Baba Mkwe

Kila kona ya nyumba ile ilikuwa na kikohozi chake. Kona ya jikoni ilikuwa na kikohozi chembamba cha Gwantwa, kama mtu anayebisha mlango wa ofisi asiyoipenda. Kona ya nyuma, penye mparachichi, ilikuwa na kikohozi kizito cha baba mkwe wake, kilichoanzia kifuani, kikazunguka, kikamalizikia kwenye ncha ya fimbo. Mgeni angedhani ameingia wodi ya kifua kikuu. Lakini hapakuwa na mgonjwa hapo. Palikuwa na watu wawili wanaoheshimiana tu, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kukimbia.

Mzee Anyitike alitoka Itumba, juu kwenye milima ya Ileje, ambako baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni, hawatajani majina, na wala hawaingii choo kimoja. La choo ndilo lililobaki na meno. Mengine makanisa na mabasi yalishayalegeza. Utamkwepaje mkweo kwenye Hiace iliyojaa? Gwantwa naye alizaliwa milima hiyohiyo na alifundwa mambo hayohayo. Kwa hiyo mumewe Lusubilo, dereva wa malori yaendayo Kongo, alipojenga nyumba yao mtaa wa Sogea, Tunduma, alijenga vyoo viwili: cha mkewe upande wa jikoni, cha baba yake nyuma. Kila choo na bomba lake, kila bomba na shimo lake. Majirani walidhani ni utajiri.

Kwa miaka kadhaa kati ya wawili hao alisimama Dina, binti wa Gwantwa na Lusubilo, aliyekuwa mdomo wa wote. "Mwambie babu chakula tayari." "Mwambie mama betri za redio zimekwisha." Na Dina alikuwa akiyasema upya maneno ambayo kila mtu alikwisha kuyasikia, kwa sauti ileile, bila kucheka. Januari akapata shule ya bweni Vwawa, akaondoka na godoro lake na mdomo wao.

Tangu hapo walizungumza kwa vyombo. Gwantwa aliweka sahani juu ya stuli penye kona, akakohoa, akaondoka. Sahani ilirudi imeoshwa. Ndiyo, imeoshwa, na mwanamume wa umri ule. Maparachichi yalipokomaa, ilirudi na parachichi juu yake, lililobonyezwabonyezwa na vidole vya mtu anayetaka kuhakikisha limeiva. Lakini kikombe cha chai kilirudi nusu. Uji nusu, mchuzi nusu, maji ya kunywa hayajaguswa. Gwantwa aliimwaga nusu ile mchangani huku mdomo wake umejaa maneno yasiyo na wa kuyapeleka. Chai yangu ina nini? Amezoea ya nani?

Mvua zilipokaribia kukatika, shimo la nyuma lilititia. Halikubomoka kwa kishindo. Lilizama upande mmoja, taratibu, kama mzee anayejilaza. Asubuhi iliyofuata Mzee Anyitike alimpigia simu mwanawe, na kwa kuwa hakuzoea kubandika simu sikioni alimpigia kwa spika, kwa hiyo mtaa mzima ulishiriki.

"Lusubilo, nimekaa vya kutosha mjini. Jumamosi napanda gari la Itumba."

"Baba, umekosewa nini?"

"Sijakosewa. Mlima unaniita."

"Mlima umekupigia kwa namba gani, baba?"

Mzee alitaka kujibu, ila mtandao ulikwisha kuvuka mpaka na kwenda kulala Zambia, kama ulivyozoea, na simu ikakatika.

Jikoni, mkono wa Gwantwa ulisimama ndani ya sufuria. Kitu kilimshuka mabegani, chepesi, mfano wa mtu aliyetua kuni. Alijiona akikaa kizingitini mwake bila kuchungulia kona. Alijiona akikatiza uani kichwa wazi, akiimba kwa sauti yake yote badala ya kuinong'oneza redio. Kisha akaona aibu, akajikemea. Lakini furaha ukiikemea haitoki nje. Inakwenda kukaa chumba cha pili na kusubiri utulie.

Jioni, kutoka kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, Lusubilo alituma ujumbe: tafuta fundi, choo cha baba kipone kabla ya Jumamosi, akose sababu. Gwantwa aliusoma. Akaenda kumtafuta fundi, kwa hatua za mtu asiyekuwa na haraka sana ya kumpata.

*

Alimpata hata hivyo. Felista alikuwa Mnyiha wa Igamba, mwanamke mnene mwenye buti za mpira na kicheko kilichotangulia kuingia getini. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi bomba. Siku alipovuka mpaka kwenda Nakonde na mwanamke mwingine, katika haraka za mapenzi alisahau mkoba wa vifaa. "Aliniachia spana," Felista alikuwa akiwaambia watu, "nami nikamzibulia mji." Aliisema kwa furaha kiasi kwamba ungedhani hakuwahi kulia. Alikuwa amelia. Alimaliza, akafunga mkoba, akaenda kazini.

Alikuja na mchimbaji wake, Eliakim, mtu wa maneno machache na sururu ndefu. Walianza kufukua bomba la nyuma kuanzia chooni. Muda si mrefu Gwantwa akasikia kicheko, kisha jina lake.

"Mama Dina! Njoo uone maajabu."

Gwantwa alikohoa kwenye kona yake, akasikiliza, akatokeza. Mtaro ulikuwa umechimbwa kwa mkunjo wa ajabu, na bomba la plastiki lililokwisha kupauka lilikuwa limelala ndani yake kama nyoka aliyebadili mawazo.

"Nani alisimamia kazi hii?"

"Baba Dina mwenyewe."

"Ana ugomvi gani na mteremko? Tazama. Limetoka chooni vizuri. Lilipaswa kushuka moja kwa moja huku, kupita chini ya dirisha lile, hadi chini. Likakataa! Likapinda, likapanda juu kuzunguka mwamba, likapinda tena, likapinda tena. Kinyesi gani hiki cha kupandishwa mlima, mama? Kina mapafu?"

Eliakim alijifanya anakohoa. Gwantwa alilitazama dirisha lililoonyeshwa. Lilikuwa la chumba chake cha kulala.

"Hakutaka ya baba yake yapite chini ya dirisha langu," alisema polepole.

Felista aliifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa ameziona kazi mbovu za kila namna: zilizoharibiwa na uvivu, na pombe, na mafundi waliojifunza ufundi njiani wakija. Hii ilikuwa ya kwanza kuharibiwa na adabu.

"Basi yamepita mbali," alisema. "Yamepita mbali mpaka yakachoka njiani."

Akalikata bomba pale palipoinuka, akachungulia kwa tochi ya simu, akaingiza ufito wa mwanzi. Ufito ulitoka na kipande cha udongo mgumu na utando wa buibui. Akachungulia tena, safari hii bila utani.

"Mama Dina. Humu hamjapita kitu siku nyingi. Pamekauka. Shimo lilititia juzi, lakini bomba hili lilikwisha kuziba zamani." Alishusha sauti. "Mzee anakwenda wapi?"

"Kwenda wapi vipi?"

"Kwenda, mama. Haja. Kila mtu anakwenda."

Gwantwa alifungua mdomo aseme hajui, na katika kuufungua akajua. Kila alfajiri, kabla kuku hawajashuka, lango lililia taratibu. Mzee Anyitike alitoka na koti lake la kijani na fimbo, akashuka kuelekea barabara kuu. Dina alipokuwa nyumbani aliwahi kumuuliza, na jibu likaletwa jikoni kama lilivyo: babu anakwenda kutazama malori. Gwantwa alicheka. Mzee wa milimani, alifikiri, hajashiba kuona magari.

"Ana koti la kijani?" Felista aliuliza.

"Analo."

"Basi namjua. Nikienda kuzibua vile vyoo vya kulipia vya sokoni, namkuta kwenye mstari na wapiga debe. Anamsalimia kila mtu. Nilidhani ni mfanyabiashara wa mahindi."

Kutoka Sogea hadi sokoni ni kushuka; mtu mzima mwenye magoti mazima hahesabu. Kurudi ni kupanda. Gwantwa aliona ule mpando na lile goti la kulia lililopewa dawa ya kupaka zahanati. Aliona vumbi la malori, na mzee aliyekuwa mtu na heshima zake huko kwao, amesimama nyuma ya vijana wanaotukanana kwa furaha, akisubiri mlango ufunguke. Halafu akaona kikombe. Nusu ya chai. Nusu ya uji, nusu ya mchuzi. Maji ambayo hayakuguswa. Anayekunywa kikombe kizima atalazimika kushuka mlima tena mchana.

Na yeye aliimwaga ile nusu mchangani huku akinuna.

Aliketi juu ya rundo la udongo, na kitenge chake kipya. Felista alimtazama, akaizima tochi.

*

Mchana Felista aliwaeleza wote wawili namna kazi itakavyokuwa. Alisimama ndani ya mtaro, katikati, Gwantwa akiwa upande huu wa kona ya nyumba na Mzee Anyitike upande ule, kila mmoja akisikia vizuri na kuona ukuta tu.

Shimo jipya nyuma lisingewezekana. Kulikuwa na mwamba, na baada ya mwamba ukuta wa jirani, na hata kama mwamba ungekubali, gari la kunyonya majitaka lisingefika. Palibaki shimo kubwa la getini, lile la choo cha jikoni. Bomba la nyuma litashuka njia yake ya halali, lipite dirishani, lifike kwenye chemba, kile kisanduku cha tofali chenye mfuniko ambamo bomba la jikoni nalo huingia. Hapo yataungana. Kutoka hapo ni bomba moja hadi shimoni.

Upande wa mparachichi mtu alikohoa kwanza.

"Fundi," ilisema sauti ya mzee, "mwambie mama Dina namshukuru kwa nia yake njema. Lakini yakikutana hayo, ni kama tumekutana sisi."

Felista aligeuka. "Mama Dina, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie hata mimi nimefundwa hivyohivyo. Lakini fundi amesema hakuna njia nyingine."

Felista akageukia kule. "Mzee, anasema..."

"Nimesikia, fundi."

"Sasa mimi nafanya nini hapa? Mnasikiana vizuri kuliko mnavyonisikia mimi! Nimekuja kama fundi bomba, nimegeuzwa spika."

"Vumilia, mwanangu," mzee alisema kwa upole. "Hebu nieleze. Huko kwenye kisanduku, yakikutana, yanafanya nini?"

"Yanasalimiana, mzee. Kisha kila moja linaendelea na safari yake, ila yamepanda gari moja."

Upande wa mparachichi kulisikika kitu ambacho kingekuwa kicheko kama kisingegeuzwa haraka kuwa kikohozi. Gwantwa alikisikia. Hakuwa amewahi kumsikia akikaribia kucheka.

Lakini mzee alipata pumzi yake, na sauti iliporudi ilikuwa imekwisha kufunga mizigo. "Itumba kuna nafasi. Mlima mzima, na kila mtu na shimo lake. Msisumbuke, fundi. Fukieni. Mimi keshokutwa nina safari."

Gwantwa aliijua nyumba ya Itumba. Ilifungwa tangu mama mkwe alipofariki. Bati moja lilichukuliwa na upepo, na maji yalikuwa bondeni, chini kabisa, kwenye kijito ambacho hata mbuzi hukifikiria mara mbili. Zahanati ya presha ilikuwa huku, Tunduma. Huko kulikuwa na ukungu, na majirani wema ambao nao walikuwa wazee wanaohitaji majirani. Mtu angeweza kuanguka pale asubuhi na habari zikafika kesho yake.

Na ile furaha iliyokaa chumba cha pili, ikisubiri atulie? Alikwenda kuiangalia. Aliikuta bado ipo. Haikuwa furaha mbaya, ilikuwa hamu ya mtu kuimba kwenye uwanja wake. Lakini alipojaribu kujiona akiimba, hakuweza tena kuona uwanja. Aliona koti la kijani likipanda mlima.

"Mwambie," alianza. Felista alimgeukia, mkono kiunoni, akisubiri mzigo wa kubeba. Gwantwa alipita kwa macho pembeni yake, akautazama ukuta.

"Asiende."

Safari hii Felista hakutafsiri. Hakukuwa na haja. Walisikia fimbo ikigusa ardhi, ikigusa tena, mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa na kufungwa.

"Hajasema ndiyo," Felista alinong'ona.

"Wala hajarudia fukieni," alisema Eliakim, na hilo likawa neno lake refu kuliko yote siku ile.

*

Eliakim aliuchimba mtaro mpya uliopita dirishani, akamaliza kesho yake, akaondoka kwenda kazi nyingine Mpemba. Baada ya chakula Felista aliufungua mkoba na kutoa mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, mrefu, uliokunjwa kama kamba ya ng'ombe. Akaujaza maji, akatoa mapovu kwa kuugongagonga na kuusemesha. Hiki ndicho kipimo cha mafundi wengi: mtu mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, hata kama kati yao kuna nyumba nzima. Maji yakitulia, yanasimama usawa mmoja pande zote mbili. Hapo ndipo unapopiga alama, na kutoka kwenye alama unajua bomba lishuke kiasi gani. Maji hayana ujanja wa kusema uongo, wala hayana adabu za kuyapandisha mlima.

Tatizo ni kwamba yanataka watu wawili wa kushika, na wa tatu wa kupiga alama. Felista alihesabu watu waliokuwapo. Akaenda kugonga mlango wa nyuma.

"Mzee, naomba msaada wa mkono."

"Nilisema nina safari."

"Safari ni kesho, mpira ni leo. Kushika si kukubali. Tuko wanawake wawili na ncha mbili, na mimi ndiye mwenye penseli."

Kitasa kililia. Kisha Mzee Anyitike akatoka na koti lake, akapewa ncha ya mpira kando ya choo chake, kidole gumba kikiwa kimeuziba mdomo wa mpira. Gwantwa alisimama kwenye chemba, upande wa jikoni, na ncha ya pili. Mpira ulikata kona ya nyumba kati yao.

"Fungueni vidole!" Felista alipaza sauti.

Mzee alifungua huku ameinua mkono juu, kama mtu anayeapa. Maji yalikimbia mpira wote, yakakata kona, yakarukia kifuani kwa Gwantwa.

"Yuu! Mama yangu!"

"Nini? Kuna nini huko?" Sauti ya mzee ilikuwa na hofu tupu, haikukumbuka kupitia kwa mtu. "Fundi! Ameumia?"

"Ameoga tu, mzee. Umemwogesha. Shusha mkono."

Gwantwa alikuwa amelowa hadi kitenge kimegandama, na alikuwa anacheka. Alijaribu kukizuia kicheko kwa kiganja, kikapenya vidoleni, kikapanda juu ya ukuta. Upande wa pili, kwa kuchelewa kama mtu anayejaribu nguo iliyokaa sana sandukuni, Mzee Anyitike naye akacheka. Hakukohoa.

Felista aliujaza mpira upya. Wakaanza tena, taratibu. Lakini maji yalikataa kutulia. Yalipanda kidogo, yakashuka kidogo, yakitetemeka ndani ya plastiki.

"Kuna mtu hatulii," alisema Felista, penseli juu.

Gwantwa aliutazama mkono wake. Ulikuwa unatetemeka, kwa baridi ya nguo au kwa jambo jingine. Akaushika kwa mkono wa pili, nao wa pili ukaanza.

"Huku nayaona," ilisema sauti kutoka ng'ambo ya kona, na haikumwita fundi. "Ukitetemeka huko, yanatetemeka huku." Sauti ikashuka. "Usitetemeke, mwanangu. Weka kiwiko ukutani. Ndivyo nilivyofanya mimi."

Gwantwa aliweka kiwiko ukutani. Ukuta ulikuwa na joto la jua la mchana. Alivuta pumzi, akaishikilia, na mbele ya macho yake mstari wa maji ukapunguza kucheza, ukapunguza, ukasimama. Alijua, bila kuona, kwamba kule nako umesimama.

Felista alipiga alama kwa Gwantwa, akazunguka mbio na buti zake, akapiga alama kwa mzee. Alipokuwa anainuka, mzee alikuwa bado ameukazia macho mpira alioushika.

"Fundi."

"Naam."

"Maji haya ni yangu au ni yake?"

Felista, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu alipoachiwa spana, alijikuna chini ya kilemba. "Ni ya mpira, mzee."

Mzee Anyitike alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa njia ya mkato baada ya kuzunguka siku nzima. Aliziba ncha kwa kidole gumba, akamrudishia.

"Haya," alisema. "Hakikisha hapo dirishani mmelaza mchanga wa kutosha chini. Lisije likakaa juu ya jiwe likapasuka, akasumbuka na harufu."

*

Jumamosi begi la mzee lilikuwa mlangoni tangu asubuhi, limefungwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyelisemea. Magari ya Itumba yalikuwa yakijaza abiria stendi, na mzee alikwisha kumwambia jirani kwamba atapanda la mchana. Kwa hiyo Felista alikuwa akifanya kazi kama mtu anayekimbizana na gari hilo. Alipaka gundi, akaunganisha, akashikilia kila kiungo na kukihesabia kimoyomoyo, akafukia sehemu ya dirishani kwa mchanga laini, safu juu ya safu, akiukandamiza kwa buti. Aliliacha bomba lipite kwa mstari mmoja tu, bila kona hata moja, na alipomaliza alisimama akalitazama kwa kijicho, kama mama anayetazama mtoto wa mwenzake aliyenyooka.

Lusubilo alipiga simu. Gwantwa alimweleza kuhusu bomba lililopandishwa mlimani.

"Nilitaka ya baba yapite mbali na wewe," mumewe alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekamatwa katika jambo jema.

"Najua."

"Anaondoka?"

Gwantwa aliangalia kwenye kona. "Ngoja kwanza tujaribu maji," alisema, akakata.

Felista aliinua mfuniko wa chemba. Bomba la jikoni lilikuwa linatokeza upande wa kulia, limezeeka, limepauka. Upande wa kushoto lilichungulia jipya, jeupe, likiwa bado na alama za vidole vya gundi. "Mama Dina, wewe chuchumaa hapa uangalie. Mimi nitakuwa dirishani kusikiliza viungo. Mzee! Upo?"

"Nipo."

"Ndoo moja, yote kwa pamoja. Usiyaonee huruma."

Gwantwa alichuchumaa. Kutoka upande wa nyuma alisikia mlango wa choo, kishikio cha ndoo kikilia, pumzi ya mzee anayeinua kitu kizito kuliko alivyokumbuka. Kisha maji yakaanguka, na sauti yao ikaingia ardhini. Alisikiliza. Kwa muda hakukuwa na kitu isipokuwa kuku wa jirani na honi ya lori moja mbali kwenye foleni ya mpaka. Alianza kuogopa. Alifikiria mteremko, na alama za penseli, na mkono wake uliotetemeka. Kama ungedanganya hata kwa upana wa kidole, yangerudi, na gari la Itumba lilikuwa linajaza.

Ndipo bomba jipya likanong'ona. Maji yakatokeza mdomoni mwake, mwanzo uzi, kisha wingi, meupe na yenye vumbi la plastiki, yakaruka ndani ya chemba, yakazunguka, yakakutana na tone lililokuwa likidondoka kutoka upande wa jikoni, yakalichukua, yakaondoka nalo.

Felista alikuwa amesimama dirishani, mdomo wazi tayari kuuliza. Gwantwa alimwinulia mkono asiulize.

"Yamefika, baba," alisema kwa sauti, kuelekea nyuma ya nyumba.

Ndoo ilitua sakafuni upande wa pili. Huenda alikuwa anapumzisha mgongo. Huenda alikuwa analipima neno lile la mwisho, ambalo mkamwana wake hakuwahi kumtupia moja kwa moja.

"Yamekuja yenyewe?" aliuliza hatimaye. "Hayakusukumwa?"

"Yenyewe, baba."

Kishikio cha ndoo kililia tena.

"Basi ngoja niongeze."